Miezi Mitatu Kasoro Siku Moja

Simulizi ya wikiendi. Wahusika ni wa kubuni. Mitaa, sheria na hukumu zinazotajwa ni za kweli.

SEHEMU YA KWANZA: IJUMAA JIONI

Swali la kwanza la wakili Bi Saumu kwa mteja mpya halikuwa "umefanywa nini". Lilikuwa "lini".

"Tarehe kwanza, mwanangu. Mengine tutayafikia."

Mwanahawa alikaa ukingoni mwa kiti, koti hajavua, mkoba kaukumbatia. Alikuwa amepanda ngazi za ofisi ile, juu ya duka la mafundi simu hapa Perry Barr, Birmingham, akashuka, akapanda tena. Bi Saumu alizisikia hatua zote. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Septemba 2024, saa kumi na moja jioni. Nje, magari ya wanaorudi Walsall yalikuwa yamesongamana pale ilipokuwa barabara ya juu kabla haijabomolewa mwaka 2021.

"Nilifukuzwa tarehe 28 Juni, mama."

"Kwa mdomo au kwa barua?"

"Barua. Meneja alinipa mkononi."

Bi Saumu akapiga hesabu kimoyomoyo. Sheria ya Uingereza humpa aliyefukuzwa kazi miezi mitatu kasoro siku moja. Kutoka 28 Juni, mwisho ni 27 Septemba. Wiki mbili zimebaki, si haba. Kule kwao Tanzania angekuwa ameshachelewa, maana CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi, huwapa waliofukuzwa siku 30 tu.

"Mbona umekaa mpaka leo?"

"Meneja alisema nisubiri, eti bosi atanirudisha. Na mama kule Muheza naye akaniambia subira yavuta heri."

"Kwa wajomba na mashangazi, sawa. Mahakamani subira huvuta pingamizi. Lete hiyo barua."

Aliisoma kuanzia juu, kama anavyosoma barua zote, na hakufika mbali. Juu kulia, kwa herufi ndogo, paliandikwa 14 Juni 2024.

"Bahasha unayo?"

Ilikuwepo. Haina stempu, haina muhuri wa posta, haina chochote. Kwa tarehe ile ya barua, miezi mitatu kasoro siku moja ilikuwa inaisha leo, saa sita usiku.

Msomaji anayejua sheria atasema: ipo hukumu. Na kweli ipo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mfanyakazi ambaye barua ya kufukuzwa ilifika nyumbani akiwa London kwa dada yake aliyejifungua. Majaji wakasema muda unahesabiwa tangu siku aliyoisoma, si siku iliyoandikwa. Lakini hukumu ya namna hiyo ni ya kujitetea nayo ukishachelewa. Aliye na saa saba mkononi hachelewi kwa makusudi, halafu akaenda kubishana na meneja aliye tayari kuapa kwamba barua aliitoa siku ileile.

Bi Saumu aliziheshimu tarehe kwa sababu ya wanawake wa manispaa ya Birmingham: wapishi, wasafishaji, wahudumu wa wazee, walioona wanaume wa daraja lao, wazoa taka na wafagia barabara, wakipokea bonasi ambazo wao hawakuzionja. Waliokuwa wameshaacha kazi walipokuja kudai, miezi sita ya baraza la kazi ilikuwa imekwisha. Wakagonga mlango wa mahakama ya kawaida, ambako muda ni miaka sita, na tarehe 24 Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ikawaruhusu kupita, majaji watatu dhidi ya wawili. Walikuwa watu 174, wanaume wanne tu kati yao, na jina lililotangulia kwenye faili lilikuwa Abdulla. Mpaka leo, kwenye foleni za maduka ya One Stop, hukosi mtu wa kukwambia kwamba wanawake wale ndio walioifilisi manispaa iliyotangaza kuishiwa tarehe 5 Septemba 2023 (mfumo wa kompyuta uliomeza mamilioni hautajwi). Bi Saumu humuuliza mtu huyo: mdeni hufilisiwa na deni, au na miaka aliyokaa bila kulipa?

"Vua koti," alimwambia Mwanahawa. "Leo hatutoki hapa mapema. Una ushahidi gani?"

Mwanahawa akafungua mkoba, akatoa kaunta buku. Jalada gumu, kona zimeliwa, bei ya duka la Muheza bado imebandikwa nyuma. Ndani, mwaka mzima na zaidi wa kazi ya kea, ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao, ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya bluu, nyeusi, mara nyekundu, kutegemea iliyopatikana siku hiyo. Saa aliyotoka. Nyumba aliyofika. Namba ya maili kwenye dashibodi. Bibi wa kisukari, Kingstanding, dakika 30. Mzee wa kiharusi, Handsworth Wood, dakika 45. Pembeni ya mistari mingine, maneno machache: *amekataa chai*, *amelia, nimebaki*, *amenipa soksi*.

Bi Saumu akaiweka rota ya kampuni kando ya daftari. Kwenye rota, kazi ya Kingstanding ilikwisha saa moja kamili asubuhi na ya Handsworth Wood ikaanza saa moja kamili asubuhi. Kati ya nyumba hizo mbili kuna kipande kizima cha jiji na taa za barabarani zisizo na huruma. Kwa kampuni, kipande hicho hakikuwepo. Siku aliyotoka saa kumi na mbili alfajiri na kurudi saa nne usiku, Mwanahawa alilipwa saa tisa.

"Safari ya kutoka kwako hadi nyumba ya kwanza hailipwi," Bi Saumu alisema, akipiga mstari kwenye nakala, si kwenye daftari. "Hiyo futa. Lakini safari za katikati ni kazi. Tangu 2013 baraza la rufaa limeshasema hivyo kwa wahudumu kama nyie. Ukizihesabu hizo, unakuwa umelipwa chini ya kima cha chini, pauni 11.44 kwa saa. Uliwahi kuwauliza?"

Akaonyeshwa simu. Ujumbe wa tarehe 9 Juni, wa adabu tele, ukimuomba meneja amsaidie kuelewa kwa nini dakika za njiani hazionekani. Siku tano baadaye, tarehe iliyo juu ya barua.

"Wananibagua, mama. Kwa sababu mimi mgeni, viza yangu wanaishika wao."

"Najua. Ila neno hilo tusiliandike kwanza. Mwaka 2016 wanawake wawili wa Kinigeria, watumishi wa ndani, walilipeleka hadi Mahakama ya Juu. Ikajibiwa kwamba kunyanyaswa kwa sababu ya hali ya viza si sawa na kunyanyaswa kwa sababu ya asili yako. Wakashindwa. Wewe kesi yako iko hapa." Akagonga simu kwa ukucha. "Umeuliza haki ya kisheria, ukafukuzwa. Kwa hilo hawakudai uwe umefanya kazi miaka miwili."

Ilibaki kujaza fomu ya usuluhishi, na fomu inataka jina kamili la mwajiri. Hapo ndipo jioni ilipoharibika. Hati ya mshahara ilikuwa na jina la kampuni moja. Cheti cha udhamini wa viza, kampuni nyingine. Barua ya kufukuzwa, ya tatu. Ukimshtaki asiye mwajiri wako, umepoteza usiku na kesi.

Bi Saumu akafungua daftari la makampuni la serikali kwenye kompyuta. Kampuni ya kwanza: imefutwa. Akaandika jina la ya pili, akabonyeza palipoandikwa wakurugenzi, akaegemea mbele kusoma.

Mkurugenzi alikuwa mmoja. Jina la kwanza Hemedi. Ubini wake ulikuwa uleule ulioandikwa kwenye pete ya ndoa kidoleni mwa Bi Saumu.

SEHEMU YA PILI: PILAU YA JUMAPILI

Ilipoishia: zimebaki saa chache muda wa Mwanahawa ukatike, na wakili wake amegundua kwamba mwajiri ni shemeji yake.

Alizima skrini. Kampuni ya tatu hakuifungua. Faili halikuwa lake tena.

"Mwanangu, huyu bosi wako ni mdogo wa mume wangu."

Mwanahawa aliitazama picha ya ukutani, kana kwamba yule mama wa Kihindi aliyevaa sari mbele ya polisi angemjibia. Alikuwa Jayaben Desai, aliyepata kuishi Tanganyika kabla ya kuja kuongoza mgomo wa Grunwick huko London mwaka 1976. Hakumjibia.

"Basi mama, mimi nimeruka mkojo..." Hakumalizia, kwa heshima.

Kanuni za mawakili wa Uingereza hazina mlango wa uani mahali hapo. Penye mgongano kati ya maslahi ya wakili mwenyewe na ya mteja wake, wakili hajitwishi kesi, hata mteja aridhie kwa maandishi. Bi Saumu alimpigia wakili mwenzake mmoja. Simu ikaita hadi ikakata. Akampigia wa pili. Yuko harusini Leicester, ngoma inasikika. Saa tatu usiku ikapita.

Kilichobaki ni kile ambacho watu wengi hawakijui: Acas, ofisi ya usuluhishi, humpokea mfanyakazi mwenyewe, bila wakili, bila senti. Na baraza la kazi nalo halitozi. Kati ya Julai 2013 na Julai 2017 lilitoza, hadi pauni 1,200 kwa kesi za namna hii, na mashauri yakaporomoka kiasi kwamba waajiri wabaya walianza kulala usingizi mnono. Mpaka chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipokwenda Mahakama ya Juu na ada zile zikafutwa.

Bi Saumu akamsogezea kiti mbele ya kompyuta, yeye akasimama dirishani, mgongo umeelekea ndani.

"Andika wewe. Kila kampuni fomu yake. Zote tatu, usichague."

Mwanahawa aliandika kwa vidole viwili. Saa tano na dakika arobaini na moja usiku jibu la mwisho la mtambo likaingia: taarifa imepokelewa. Kuanzia hapo saa ya sheria ilisimama.

Lakini hakuinuka. Nyumba aliyokuwa akilala, wanawake wanne, choo kimoja, kodi ikikatwa kwenye mshahara hata kabla haujaonekana, ilikuwa ya mwajiri. Meneja alikuwa na funguo za vyumba vyote.

"Nikirudi na hili daftari, asubuhi sitalikuta."

Bi Saumu akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, picha akamtumia mwenyewe, kisha daftari akalifungia kabatini na kumwandikia stakabadhi. Wapo watakaosema hata hilo hakupaswa kulifanya, kwamba aliyejitoa ajitoe kwelikweli. Mimi ni mmoja wao.

Jumapili Hemedi alikuja kula pilau, kama kawaida yake, amebeba tikiti maji na zawadi ya kaka yake. Ni mtu ambaye ukimchukia utapata tabu. Msiba wa baba yao ulipotokea Tanga, nauli za familia nzima alilipa yeye. Madrasa ya watoto hapa mjini, zulia ni lake.

"Shemeji langu," alisema, akijipakulia kachumbari, "nasikia ofisini kwako siku hizi mnafundisha watu kujaza fomu usiku."

Kwa hiyo mwenzake Mwanahawa wa chumba alikuwa ameshapiga simu. Kasimu, mume wa Bi Saumu, dereva wa basi mstaafu, aliendelea kutafuna kama asiyesikia.

"Shilingi milioni 18 umechukua kwa yule binti, Hemedi. Hapa ni kosa wakala kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi. Ni sheria ya 1973."

"Nimechukulia Tanga, si hapa. Na hizo dakika za barabarani unazozidai, hebu nikuulize. Manispaa inanilipa dakika za kumwogesha mzee. Dakika za kumfuata mzee hainilipi. Nizitoe wapi?"

Swali hilo si la kipumbavu. Biashara nzima ya kuhudumia wazee Uingereza imesimama juu yake: kazi hununuliwa kwa dakika, bei hubanwa, na kila anayebanwa humbana aliye chini yake mpaka anafikiwa yule asiye na wa kumbana. Viza za kea zilipofunguliwa Februari 2022, huyo wa chini alianza kuletwa kwa ndege.

"Kazidai manispaa," alisema Bi Saumu. "Usizitoe tumboni mwa Mwanahawa."

Hemedi akafuta midomo. "Wizara ya Mambo ya Ndani bado sijaiarifu kwamba hayuko kazini kwangu. Nikiiarifu, itamwandikia: siku 60, pata mdhamini mwingine au ondoka. Mwambie achague."

"Taarifa hiyo ilitakiwa ndani ya siku kumi za kazi tangu Juni. Umeikalia uwe na kamba ya kumfungia."

"Saumu," Kasimu alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Ya ndani yasitoke nje."

"Kaka yangu kasema." Hemedi akasimama, akachukua funguo za gari, kisha akageuka kama aliyekumbuka jambo dogo. "Hivi ile kampuni ya tatu uliifungua? Hukuifungua. Ifungue, shemeji. Halafu ndiyo uniambie nani amshtaki nani."

Mlango ulipofungwa, Bi Saumu alichukua simu palepale mezani, mikono bado inanukia bizari. Kampuni ya tatu ilikuwa hai. Mkurugenzi mmoja, mmiliki wa hisa zote, aliyeteuliwa tarehe 2 Mei 2022. Mwezi na mwaka wa kuzaliwa: Novemba 1969, mwezi ulioangukiwa na Ramadhani mwaka ule, ndiyo maana mtoto akaitwa vile alivyoitwa.

Lilikuwa jina lake.

SEHEMU YA TATU: HILL STREET

Ilipoishia: kwenye daftari la serikali, mmiliki wa kampuni iliyomfukuza Mwanahawa ni Bi Saumu mwenyewe.

Hakulala, na Jumatatu hakungoja kuitwa. Aliiandikia mamlaka inayosimamia mawakili akaeleza yote kabla mtu mwingine hajaeleza. Akaliandikia daftari la makampuni kwamba jina lake limeingizwa bila ridhaa. Kuliingiza kulikuwa rahisi kuliko msomaji anavyodhani: wakati ule daftari lilipokea jina lolote lililoletwa, sharti la kuthibitisha kwamba wewe ni wewe lilikuja kuanza Novemba 2025. Kasimu alimuona akiandika usiku kucha. Alimletea chai, akaiweka, akaondoka. Hakuuliza kitu, nalo hilo lilimkaa Bi Saumu rohoni kuliko angeuliza.

Mwanahawa alipata wakili mpya, kijana wa Handsworth ambaye bibi yake alizaliwa Kisumu na alimrithisha maneno ya Kiswahili yapatayo ishirini, mengi ya jikoni. Usuluhishi ukaanza, ukavunjika. Kampuni ilitoa pauni 3,000 na karatasi ya kunyamaza. Mwanahawa akauliza kama karatasi hiyo inawanyamazisha na wale wanawake watatu waliobaki kwenye nyumba. Akaambiwa inamhusu yeye peke yake. Akakataa, nadhani kwa sababu ya choo kile kimoja. Huwezi kupanga foleni na watu kila alfajiri halafu ukawauza.

Kesi ikafunguliwa. Majibu ya utetezi yalikuja na mambo mawili. La kwanza: mwajiri halisi ni kampuni ya tatu, mali ya wakili fulani wa Perry Barr. La pili: lile kaunta buku ni uongo mtupu, limeandikwa kwa mkupuo baada ya mtu kufukuzwa. Jaji akaamuru daftari lenyewe, si picha, liletwe likaguliwe wino wake na karatasi zake. Na tarehe 16 Desemba barua ya Mambo ya Ndani ikafika. Siku 60. Mwisho, tarehe 14 Februari 2025.

Kikao cha kuamua mwajiri ni nani kikapangwa Jumatatu, tarehe 10 Februari. Siku nne kabla ya viza kuisha.

Wakati huo Mwanahawa alikuwa amehama, akihifadhiwa na mama mmoja wa Kikongo katika yale maghorofa mapya ya Perry Barr. Yalijengwa yawe kijiji cha wanamichezo wa Jumuiya ya Madola wa 2022, palipokuwa chuo kikuu alichosomea Bi Saumu. Corona ikavuruga mpango, wanamichezo wakalazwa kwingine, na hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyewahi kulala pale. Mwanahawa alilala sebuleni, kwenye sofa. Kazi haruhusiwi. Alishinda akipika chapati za watu wengine na kuhudhuria usaili wa wadhamini ambao wote walimuuliza kwa nini aliondoka alikotoka.

Jumapili jioni, Bi Saumu alikwenda ofisini kuchukua daftari ampelekee wakili kijana. Akafungua kabati. Stakabadhi ilikuwepo, bahasha ya plastiki ilikuwepo. Kaunta buku halikuwepo.

Kufuli halikuvunjwa. Funguo za kabati lile zilikuwa mbili duniani: moja kwenye mkoba wake, nyingine kwenye mkufu wa zamani wa dereva wa basi, unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni nyumbani.

Alirudi mbio. Msumari ulikuwa mtupu, na Kasimu hakuwepo. Simu yake ililia chini ya mto wa kochi.

Baraza la kazi la Birmingham liko Centre City Tower, Hill Street, hatua chache kutoka kituo cha treni cha New Street. Anayetarajia majaji wenye mawigi ya nywele nyeupe hurudi nyumbani na masikitiko: ni chumba chenye meza, majagi ya maji na zulia la ofisi. Jaji wa siku hiyo alikuwa mama mwenye miwani aliyeandika kila neno. Shahidi huulizwa ataapa kwa kitabu gani.

Bi Saumu aliapa kwa Msahafu. Akaulizwa kama ile kampuni ni yake, akasema si yake. Akaulizwa kama ana uthibitisho, akasema anao wa kwamba alilalamika, hana wa kwamba hakujua. Mwakilishi wa Hemedi alitabasamu huku akiandika.

"Na daftari la mlalamikaji?" jaji aliuliza. "Niliagiza nakala halisi."

Wakili kijana akasimama, akakohoa. "Mheshimiwa, hadi jana lilikuwa chini ya uangalizi wa..." Akamtazama Bi Saumu.

"Wa mwanamke anayedaiwa kuwa mwajiri," mwakilishi wa Hemedi akamalizia. "Na sasa, kwa bahati, limepotea."

Mwanahawa alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumtazama Bi Saumu, na hilo lilitosha.

Hapo mlango ukafunguliwa. Kasimu aliingia na koti lake la kazi, lile la basi, ambalo hakuwa amelivaa tangu astaafu. Hakuwa amenyoa. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wa duka, na ndani ya mfuko madaftari mawili: moja kaunta buku la Muheza, jingine jipya, kurasa zake zimevimba kwa maandishi ya mkono wa mtu aliyeendesha basi la namba 11 kuizunguka Birmingham miaka mingi na kujua kila taa, kila mzunguko na kila dakika kati ya Kingstanding na Handsworth Wood.

Viti vya chumba vilikuwa pande mbili. Kasimu alisimama katikati.

"Wewe ni shahidi wa upande gani?" jaji aliuliza.

"Bado sijajua, mheshimiwa. Haya madaftari ni ya binti, apewe. Lakini kabla hamjayafungua nina neno, na nikikaa sitalisema." Akameza mate. "Jina la mke wangu kwenye ile kampuni halikuwekwa na Hemedi."

Hemedi akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kaka, nyamaza!"

"Liliwekwa na mimi. Na pesa alizolipa yule binti kule Tanga, ziliingia kwenye akaunti ya..."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO